Kéba Mbaye na haki ya maendeleo: jibu kwa mwanafunzi wa sheria

Swali la msomaji: "Mhadhiri wetu alimtaja Jaji Kéba Mbaye wa Senegal kuwa ndiye baba wa haki ya maendeleo na mmoja wa waliouandika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kisha akaendelea na mada nyingine. Nimetafuta habari zake kwa Kiswahili nikakosa. Alikuwa nani hasa? Je, kazi yake imewahi kumsaidia mtu wa kawaida, au ni maneno mazuri tu yaliyobaki kwenye karatasi? Nafikiria kuandika tasnifu yangu kumhusu."

Ndugu yangu,

Nianze na swali lako la kati, maana ndilo zito. Ndiyo, kazi ya Kéba Mbaye imewasaidia watu, na baadhi yao wako hapa hapa Afrika Mashariki: Waendorois wa Ziwa Bogoria na Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya. Imewasaidia kwa kuchelewa, na imewasaidia nusu nusu, kwa sababu wameshinda kesi ambazo serikali imesuasua kuzitekeleza. Lakini wameshinda, na moja ya ibara zilizowapa ushindi ina chimbuko lake katika mhadhara uliotolewa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1972. Mtoa mhadhara alikuwa Mbaye. Katika miaka yote niliyofundisha sheria za haki za binadamu sijakutana na mfano ulio wazi zaidi wa wazo la mwanasheria mmoja wa Kiafrika kutoka kwenye ukumbi wa chuo hadi kwenye hukumu inayomtaja mfugaji na kondoo zake. Ndiyo maana nasikitika kwamba umemtafuta kwa Kiswahili ukamkosa.

Mbaye alizaliwa mwaka 1924 huko Kaolack, mji wa biashara ya karanga kando ya mto Saloum. Mahali hapo pana maana kwa mwanasheria. Wakati ule Wafaransa waliwagawa watu wa Senegal makundi mawili. Wenyeji wa miji minne, yaani Dakar, Saint-Louis, Gorée na Rufisque, walikuwa na haki za uraia. Waliobaki, Kaolack ikiwemo, kwa kawaida walihesabiwa kuwa watawaliwa tu. Mtawala wa wilaya aliweza kumtoza mtawaliwa faini au kumfunga bila kumfikisha mbele ya hakimu, na utaratibu huo ulidumu mpaka mwaka 1946. Kwa hiyo Mbaye alikuwa kijana wa zaidi ya miaka ishirini ndipo sheria ilipoacha kuwapanga watu wa nchi yake kwa mahali walipozaliwa.

Alisomea Paris, katika chuo kilichoanzishwa kuwaandaa maofisa wa makoloni, akarudi nyumbani kufanya kazi mahakamani. Senegal ilipata uhuru mwaka 1960. Miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 40, akawa Rais wa Kwanza wa Mahakama ya Juu, cheo ambacho sisi tungekiita Jaji Mkuu. Alikishika mpaka mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: ni takriban miaka 17, chini ya rais yuleyule, Léopold Sédar Senghor, na kwa miaka kadhaa ya kipindi hicho nchi ilikuwa na chama kimoja. Nakuomba uliweke hili akilini tangu sasa, kwa sababu tasnifu inayomchora Mbaye kama mwanaharakati wa mitaani itakuwa imepotoka. Alikuwa mtu wa ndani ya dola. Nguvu yake na mipaka yake vyote vilitoka humo.

Sasa tuje kwenye mwaka 1972. Mbaye alialikwa kufungua masomo katika taasisi ya haki za binadamu ya Strasbourg, iliyoanzishwa na René Cassin, Mfaransa aliyeshiriki kuandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Wasikilizaji wake walikuwa wamezoea kusikia haki za binadamu zikielezwa kama kinga ya mtu dhidi ya dola: usikamatwe ovyo, usizibwe mdomo, usiteswe. Mbaye akawaambia kwamba maendeleo nayo ni haki ya binadamu. Hakuyaita sera, wala msaada, wala ahadi ya wanasiasa wakati wa kampeni. Alisema ni haki, kwa maana ileile ambayo uhuru wa kutoa maoni ni haki.

Hoja yake ilikuwa ya kisheria kabisa, na hapo ndipo wengi wanaomnukuu kwa juu juu wanapoikosa. Aliufungua Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 55 na 56, ambamo nchi wanachama zimejifunga kushirikiana ili kuinua hali ya maisha. Aliufungua Azimio la mwaka 1948, ambalo linataja haki ya kazi, ya elimu, ya kiwango cha maisha kinachotosha kwa afya, na katika ibara ya 28 linampa kila mtu haki ya mfumo wa kijamii na kimataifa unaoziwezesha haki hizo kutimia. Ukiyasoma kwa pamoja, alisema, utaona kwamba haki hii haihitaji kubuniwa, kwa kuwa tayari imo. Uhai una maana gani ikiwa mtu anaruhusiwa kuishi lakini hana njia yoyote ya kuishi vizuri zaidi kuliko jana? Na akaenda mbali zaidi: wajibu haukomei kwa serikali ya nchi maskini, bali unazigusa pia nchi tajiri, hasa zile ambazo utajiri wake una historia katika ardhi za wengine.

Unaweza kukisia ni wapi hoja hiyo ilipokewa vizuri na ni wapi haikupendwa. Mwaka 1977 Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliitaja haki ya maendeleo katika azimio lake kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Mbaye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa tume hiyo. Tarehe 4 Desemba 1986 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki ya Maendeleo kwa kura 146. Nchi 8 hazikuegemea upande wowote. Nchi moja tu, Marekani, ilipiga kura ya kupinga.

Lakini azimio la Baraza Kuu halimpeleki mtu mahakamani. Kwa Waafrika, kilichobadilisha mambo ni kile kilichokuwa kikipikwa Dakar wakati huohuo.

Wazo la mkataba wa haki za binadamu wa Kiafrika lilikuwa la zamani kidogo. Lilitolewa Januari 1961 mjini Lagos, katika mkutano ulioitishwa na Tume ya Kimataifa ya Wanasheria na kuhudhuriwa na wanasheria 194, wengi wao kutoka nchi 23 za Afrika. Kisha likalala. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa mwaka 1963, mkazo wake ulikuwa ukombozi na mipaka, na kila kiongozi alikubali kutochungulia nyumba ya mwenzake. Mikutano ya wataalamu iliendelea, ukiwemo wa Dar es Salaam mwaka 1973 ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa, na mwingine mjini humo humo mwaka 1976 uliojadili haki za binadamu katika nchi ya chama kimoja. Huu wa pili uliandaliwa na Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, ambayo Mbaye aliiongoza tangu mwaka 1977 hadi 1985. Mwaka 1978 ukafuata mkutano wa Dakar juu ya maendeleo na haki za binadamu, na baada yake wanasheria walianza kuwafuata marais mmoja mmoja kuwaomba waunge mkono mkataba.

Kisha ukaja mwaka 1979, mwaka ambao Afrika ilijitazama ikaona aibu. Idi Amin aliangushwa Aprili. Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta aliangushwa Agosti. Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliangushwa Septemba, baada ya kamati ya wanasheria wa Kiafrika kwenda Bangui kuchunguza mauaji ya watoto wa shule na kuthibitisha kwamba yalitokea. Wakuu wa nchi walipokutana Monrovia Julai mwaka huo, hoja ya kutoingilia mambo ya jirani ilikuwa imechakaa. Senghor na Dawda Jawara wa Gambia walilisukuma wazo la mkataba, na mkutano ukaagiza wataalamu waandae rasimu.

Wataalamu hao walikutana Dakar kuanzia mwisho wa Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba 1979, chini ya uenyekiti wa Kéba Mbaye. Senghor alipowafungulia mkutano aliwataka wasiige tu ya Ulaya na Marekani, na pia wasitafute upekee kwa ajili ya upekee. Rasimu ikaenda Banjul kwa mawaziri. Mkutano wa kwanza, Juni 1980, uliishia ibara chache za mwanzo, na ilibidi wakutane tena Januari 1981 kumaliza. Juni 1981, Nairobi, wakuu wa nchi waliupitisha. Ulianza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986. Tanzania iliridhia mwaka 1984, Kenya mwaka 1992.

Uchukue mkataba huo usome ibara ya 22. Inasema watu wote wana haki ya maendeleo yao ya kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, na kwamba dola zina wajibu, kila moja peke yake au kwa pamoja, kuhakikisha haki hiyo inatumika. Ni mhadhara wa Strasbourg uliogeuzwa kuwa sheria inayofunga. Miaka tisa tu ilikuwa imepita. Na uone pia dibaji, ambapo mkataba unakataa kuzitenga haki za kiraia na kisiasa na haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Kipengele hiki ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Miaka ile watawala wengi walipenda kusema mkate kwanza, uhuru utafuata. Haki ya maendeleo ingeweza kuwa kisingizio chao kizuri sana: tunawanyima kura ili tujenge barabara. Dibaji inawafungia njia hiyo. Mtu akikuambia kwamba Mbaye aliwapa madikteta silaha, mwonyeshe maneno hayo.

Hata hivyo, usiufiche udhaifu wa mkataba huu, na usimwondolee Mbaye sehemu yake ya lawama. Soma ibara za uhuru wa maoni, wa kujumuika, wa kwenda na kurudi. Kila unapofika mahali pazuri unakuta maneno kama "kwa mujibu wa sheria" au "ndani ya sheria", yaani sheria ya nchi ileile inayolalamikiwa. Soma sehemu ya Tume ya Afrika, chombo ambacho mkataba wenyewe ulikiunda kuusimamia: ripoti zake zilitakiwa kubaki siri mpaka wakuu wa nchi waseme vinginevyo. Na zaidi ya yote, hakukuwa na mahakama. Ulaya walikuwa nayo, Amerika walikuwa nayo, na sisi tukaambiwa wakati haujafika. Wataalamu wa Dakar walijua vizuri walichokuwa wakikiacha. Walijua pia ni nani angeweka saini. Mawaziri walioishia ibara chache tu katika mkutano wa Juni 1980 wasingepitisha mahakama, na viongozi wengi waliokaa kwenye meza ya Nairobi walikuwa hawajawahi kushindana na mtu kwenye sanduku la kura.

Mimi naamini Mbaye alichagua sawa. Nasema hivyo nikijua kwamba uchaguzi huo uliwagharimu watu walioteswa miaka ya 1980 na 1990 bila kuwa na jaji wa kumkimbilia. Lakini mkataba dhaifu uliosainiwa ulizaa Tume, Tume ikazaa maamuzi, na baada ya muda Tume hiyohiyo iliamua kwamba maneno "kwa mujibu wa sheria" hayaipi serikali ruhusa ya kutunga sheria yoyote inayotaka. Mwaka 1998, Ouagadougou, itifaki ya kuunda Mahakama ikapitishwa. Ilianza kutumika Januari 2004, na leo Mahakama hiyo iko Arusha. Leo nchi zote za Umoja wa Afrika isipokuwa Morocco zimeuridhia mkataba. Rasimu kali ingekaa kabatini.

Nimekuahidi Waendorois, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Waendorois ni wafugaji waliokuwa wakiishi kuzunguka Ziwa Bogoria tangu enzi za mababu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliwaondoa ili eneo liwe hifadhi ya wanyama. Walipoteza malisho mazuri, chumvi ya kulambisha mifugo, mahali pa ibada na makaburi. Baadaye vibali vya kuchimba madini ya rubi vilitolewa kwenye ardhi yao. Walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2002 wakashindwa. Mwaka 2003 wakaenda kwenye Tume ya Afrika, Banjul. Uamuzi ulitoka Novemba 2009 na kuidhinishwa na Umoja wa Afrika mwanzoni mwa mwaka 2010. Tume ilisema kwamba serikali imevunja ibara ya 22, na ikaieleza ibara hiyo kwa kina.

Soma jinsi Tume ilivyofikiri. Serikali ya Kenya ilidai kwamba hifadhi ni maendeleo: utalii unaleta fedha, fedha zinajenga nchi. Tume ilikubali kwamba hifadhi inaweza kuleta faida, kisha ikauliza ni nani aliyeulizwa na ni nani aliyefaidika. Maendeleo, kwa mujibu wa uamuzi ule, yana pande mbili: namna yanavyofanywa na kile yanacholeta. Ukiwahamisha watu bila kuwashirikisha kwa dhati, umevunja haki yao hata kama mwishowe hoteli itajengwa. Ukiwashirikisha kisha wakabaki maskini kuliko walivyokuwa, umeivunja pia. Na katika mradi mkubwa namna ile, ilitakiwa kutafutwa ridhaa yao, tena mapema, bila kulazimishwa na baada ya kupewa taarifa kamili. Hapo neno la Mbaye la mwaka 1972 likapata viungo na mifupa. Kabla ya uamuzi ule wapinzani walikuwa wakisema haki ya maendeleo ni pana mno, jaji hawezi kuishika. Tume iliishika.

Waogiek walifuata. Mwezi Oktoba 2009 walipewa ilani ya kuondoka msitu wa Mau ndani ya siku 30. Suala lao lilianzia kwenye Tume na kuishia Mahakama ya Afrika, na tarehe 26 Mei 2017, Arusha, majaji waliamua kwamba Kenya imevunja haki zao kadhaa, ikiwemo ya ibara ya 22. Serikali ilisema Waogiek wanaharibu msitu. Mahakama ilikataa kwamba ushahidi uliopo unaonyesha hivyo. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa hukumu ya fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu na madhara mengine, pamoja na amri ya kuwatambua na kuwapa hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao.

Je, wamepata? Hapo ndipo moyo unaposhuka. Mwaka 2011, baada ya Waendorois kushinda, Ziwa Bogoria liliandikishwa kuwa urithi wa dunia bila ridhaa yao. Kikosi kazi cha serikali cha kutekeleza uamuzi kiliundwa mwaka 2014 bila mjumbe wao hata mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2023, familia za Waogiek zilibomolewa nyumba tena katika Mau. Nakueleza haya kwa sababu mwanafunzi akiishia kwenye hukumu atadhani kazi imekwisha.

Nasi Watanzania tusijitoe. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika kudai haki ya mgombea binafsi, pamoja na kesi ya Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 walishinda. Mgombea binafsi bado hayupo. Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wa Mahakama hiyo, iliondoa tamko lake la kuwaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016, na Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020. Udhaifu ule wa Nairobi 1981, wa dola kubaki na ufunguo wa mlango, haujaisha. Umehamia kwenye itifaki.

Kuhusu sehemu nyingine za maisha yake nitapita haraka, kwa kuwa utazipata kirahisi. Tangu 1982 hadi 1991 alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na tangu 1987 makamu wa rais wake. Aliketi katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa mwaka 1986. Baadaye Cameroon ilimteua kuwa jaji wake maalumu katika mgogoro wake na Nigeria juu ya rasi ya Bakassi, ulioamuliwa mwaka 2002. Aliongoza kazi iliyozaa mkataba wa kuoanisha sheria za biashara wa nchi za Kiafrika, hasa zinazotumia Kifaransa, uliosainiwa Port-Louis, Mauritius, mwezi Oktoba 1993. Mfanyabiashara wa Abidjan anayefungua kampuni leo hufuata sheria zilizotokana na mkataba huo, na pengine hajawahi kulisikia jina lake.

Michezo ningependa uitazame kidogo, kwani watu huidharau. Mbaye alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu mwaka 1973, na akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, iliyoundwa mwaka 1984 na makao yake Lausanne. Aliiongoza mpaka alipofariki. Pia aliongoza tume ya Olimpiki iliyoshughulikia ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na Machi 1991 alikwenda huko na ujumbe wake kukutana na pande zote. Julai mwaka huo kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ilitambuliwa, na mwaka 1992 wanamichezo wake wakaingia Barcelona. Jaji aliyekwenda kupima kama mlango ufunguliwe alikuwa Mwafrika mweusi aliyezaliwa mtawaliwa. Sidhani hilo lilikuwa dogo kwa waliokaa naye mezani.

Tukio moja la nyumbani kwake lazima uliingize. Baada ya uchaguzi wa 1988 kuleta vurugu Senegal, Rais Abdou Diouf alimwomba Mbaye aongoze kamati ya kuandika upya sheria ya uchaguzi. Vyama vilikubaliana, na sheria ikapitishwa mwaka 1992. Mbaye akawa rais wa Baraza jipya la Katiba, chombo cha kutangaza matokeo ya mwisho. Uchaguzi wa rais ulifanyika Februari 1993. Tume ya kujumlisha kura, iliyojaa wawakilishi wa vyama, ilikwama, na mzigo ukatupiwa Baraza. Mwanzoni mwa Machi, matokeo yakiwa bado hayajatangazwa, Mbaye alijiuzulu. Wapo waliomwona shujaa, na wapo waliosema amekikimbia kiti wakati nchi inamhitaji. Diouf alitangazwa mshindi. Mei mwaka huohuo, baada ya uchaguzi wa wabunge, makamu wa rais wa Baraza hilo, Babacar Sèye, aliuawa kwa risasi barabarani Dakar.

Huwa nawaambia wanafunzi wasikimbilie kutoa hukumu hapa. Mbaye alikuwa ameandika sheria yenyewe, na aliona vyama vilivyoisaini vikiigeuza kuwa uwanja wa kuvutana. Kujiuzulu kuliokoa heshima yake. Kuliwaacha wenzake mahali pa hatari. Mimi ningetamani angebaki, kwa sababu mtu mwenye uzito wake ndiye angeweza kusimama kati ya serikali na upinzani na kusikilizwa na wote wawili.

Desemba 2005, akiwa na umri wa miaka 81, alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, Dakar. Alitumia hotuba yake kuzungumza juu ya maadili, akiwakemea waziwazi wenye madaraka na hata raia wa kawaida kwa kuzoea uongo na mali isiyo ya halali. Hotuba ile ilijadiliwa Senegal nzima. Alifariki Dakar mwezi Januari 2007.

Sasa tasnifu. Ndiyo, iandike, lakini usiandike wasifu. Ukianza na Kaolack na kumalizia na mazishi utapata kurasa nyingi na hoja hakuna. Chukua swali moja ambalo Mbaye mwenyewe alilianzisha na halijajibiwa na Tume wala Mahakama kikamilifu: ni nani hasa anayedaiwa haki ya maendeleo? Katika Endorois na Ogiek mdaiwa alikuwa serikali ya nchi yao wenyewe. Mbaye alisema nchi tajiri nazo zinadaiwa, na ibara ya 22 inataja wajibu wa dola "kwa pamoja". Je, kipengele hicho kinaweza kumfikisha mtu mahakamani leo, kwa mfano pale mradi uliogharimiwa na benki ya nje unapowahamisha watu? Anza na uamuzi wa Endorois, sehemu inayohusu ibara ya 22, kisha hukumu ya Ogiek ya 2017 sehemu hiyohiyo. Utashtuka kuona jinsi ya pili ilivyo fupi mahali ambapo ya kwanza inaeleza kwa kina. Baada ya hapo rudi kwenye mhadhara wa 1972. Uko kwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta mwenzako wa idara ya lugha mkae nao mezani, na tafsiri mtakayoifanya iambatishe mwishoni mwa tasnifu ili atakayekuja baada yako akute kitu kwa Kiswahili.